Kuhariri video ya wimbo wa wanafunzi kwa simu: mdomo, mdundo na sura ya mtu

Kila mwaka msimu wa mahafali ya kidato cha nne unapokaribia, swali moja huingia kwenye kipindi chetu cha jioni kutoka kwa walimu, wazazi na vijana wenyewe: wimbo wa shule tumesharekodi, video tumeshapiga kwa simu, sasa tunaiunganisha vipi mpaka ieleweke? Hewani tunajibu kwa dakika chache kisha tunapisha taarifa ya habari. Lakini kuna mambo yanayotaka kusomwa taratibu huku simu ikiwa mkononi, na ndiyo haya tumeyaandika hapa.

Maelezo haya yanamfaa mtu mwenye simu janja ya kawaida, yenye nafasi ndogo na bando la kubahatisha. Kwa kuwa shule nyingi haziruhusu mwanafunzi kuwa na simu, tunachukulia kwamba simu ni ya mwalimu wa klabu au ya mzazi, na kazi inafanyika mchana wa Jumamosi au wakati wa likizo. Programu za kuhariri ziko nyingi, kama CapCut, InShot, VN na KineMaster. Vitufe vyake havifanani, ila kazi ni ile ile.

Kuhariri ni kazi gani hasa?

Wengi wakisikia kuhariri, au kuediti kama tunavyosema mtaani, wanafikiria kuweka nyota, moto na maandishi yanayoruka. Hayo ni mapambo. Kazi yenyewe ni maamuzi matatu: kipande kipi kibaki, kianzie na kuishia wapi, na kikae jirani na kipande kipi. Ukifanya hayo matatu vizuri, video haihitaji nyota hata moja. Ukiyakosea, hakuna pambo litakalookoa.

Kabla ya kugusa programu yoyote, kaa chini na daftari. Tazama kila kipande ulichopiga na uandike mistari mifupi: namba ya kipande, anaonekana nani, kinafaa sehemu gani ya wimbo, kina kasoro gani. Kazi hii inachosha, lakini inaokoa chaji na saa nyingi baadaye. Pia inakuonyesha mapema kama kiitikio kina vipande kumi na ubeti wa pili una viwili tu, wakati wanafunzi bado wapo na mnaweza kurudi kupiga tena.

Angalia na nafasi ya simu. Video ya ubora wa 1080, picha 30 kwa sekunde, hula takriban megabaiti 130 kwa kila dakika. Saa moja ya kupiga inakaribia gigabaiti 8. Nakili vipande vyote kwenye memori kadi au kompyuta ya shule kabla ya kuanza kukata, na usifute chochote mpaka video itoke na ikaguliwe.

Sauti kwanza, picha baadaye

Katika video ya wimbo, sauti inayosikika mwishoni ni ile iliyorekodiwa studio au darasani kwa utulivu. Sauti iliyonaswa na simu wakati wa kupiga picha haitasikika, ila usiizime mapema. Ndiyo itakayokusaidia kuoanisha midomo na wimbo.

Utaratibu ni huu. Weka wimbo kamili chini, kwenye mstari wa muda, na usiuguse tena. Chukua kipande cha kwanza cha picha, kiweke juu yake, kisha tazama mawimbi ya sauti ya vyote viwili. Tafuta mlio mkali: ngoma inapoingia, au kofi moja ambalo mtu alipiga mbele ya kamera kabla ya kuimba. Sogeza kipande mpaka vilele vya mawimbi viangukiane. Sikiliza sauti zote mbili kwa pamoja. Zikisikika kama mwangwi, bado hazijakaa sawa. Zikisikika kama sauti moja iliyonenepa, umefika. Hapo ndipo unapozima sauti ya simu.

Kuna mambo matatu yanayowasumbua watu hapa.

La kwanza ni umbali wa spika. Mwendo wa sauti hewani ni takriban mita 340 kwa sekunde. Mwanga wenyewe hufika kama papo hapo. Ndiyo maana mtu akipasua kuni ng'ambo ya bonde, unaliona shoka likishuka kwanza, kisha mlio unafuata. Sasa fikiria wanafunzi wamejipanga upande wa pili wa uwanja wa mpira, na spika inayopiga wimbo iko huku kwa mpiga picha, mita 34 kutoka kwao. Wao wanausikia wimbo ukiwa umechelewa sehemu moja ya kumi ya sekunde, na wanaimba kwa kuufuata. Simu iliyo karibu na spika inausikia bila kuchelewa. Ukija kuoanisha kwa mawimbi, kila kitu kitaonekana kimekaa sawa, lakini midomo itakuwa nyuma kwa picha tatu nzima ikiwa ulipiga kwa picha 30 kwa sekunde.

Sehemu moja ya kumi ya sekunde inaonekana ndogo, lakini jicho linaikamata. Mapendekezo ya Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano, ITU, yanaeleza kwamba mtazamaji huanza kugundua sauti ikitangulia picha kwa takriban sekunde 0.045, ila ikichelewa humchukua mpaka takriban sekunde 0.125 kugundua. Sauti iliyochelewa tumeizoea tangu utotoni, kwa kuwa ndivyo dunia ilivyo. Sauti inayotangulia mdomo haipo katika maisha ya kawaida, kwa hiyo inatushtua. Dawa ni kuweka spika kwa waimbaji. Kama mmeshapiga, sogeza picha ianze mapema kidogo, picha moja moja, mpaka midomo ikae.

La pili ni spika za masikioni zisizo na waya. Bluetooth huchelewesha sauti kidogo. Simu nyingine hurekebisha ucheleweshaji huo, nyingine hazirekebishi, na wewe huwezi kujua yako iko upande gani. Wakati wa kuoanisha midomo tumia zile za waya, hata za bei ndogo.

La tatu ni kipande kirefu kinachoanza sawa na kuishia vibaya. Simu nyingi hazipigi picha kwa mwendo ulio sawa wakati wote. Mwanga ukipungua, idadi ya picha kwa sekunde inaweza kushuka. Kipande cha dakika tatu kinaweza kuoana mwanzo na kupishana mwishoni. Usihangaike kukivuta. Kikate vipande vifupi, na kila kimoja ukioanishe upya.

Hesabu ya mdundo

Video nyingi za wanafunzi huchosha kwa sababu mikato yake haina uhusiano na wimbo. Tiba yake ni hesabu ya darasa la nne.

Sikiliza wimbo, piga mguu chini kufuata mdundo, na uhesabu mapigo kwa sekunde 15. Zidisha kwa nne. Ukipata mapigo 25, wimbo una mapigo 100 kwa dakika. Kila pigo lina sekunde 0.6, na mzunguko wa mapigo manne una sekunde 2.4. Wimbo wa dakika 3 na sekunde 24 ni sekunde 204, yaani mizunguko 85.

Sasa linganisha na daftari lako. Ukitaka kukata kila mzunguko, unahitaji vipande 85 vizuri. Una 40? Basi kwenye beti acha kila picha ikae mizunguko miwili au mitatu, yaani sekunde 4.8 au 7.2, na ile mikato ya haraka uihifadhie kiitikio. Mtazamaji atahisi wimbo unapanda kiitikio kinapoingia, ingawa vipande ni vile vile ulivyokuwa navyo.

Usikate kila mara juu ya pigo, maana video itakuwa kama saa ya ukutani. Mwimbaji akiwa katikati ya neno, mwache alimalize. Mchezaji akiinua mkono, kata mkono ukiwa bado unapanda, kisha onyesha kwenye picha inayofuata mkono huo huo ukishuka. Jicho hufuata mwendo na halitauona mkato.

Kwa wanaoishi mikoa ya baridi kama yetu, kuna tatizo la ukungu. Vipande vya saa moja asubuhi vina rangi ya buluu na kijivu, vya saa saba mchana vina njano kali. Ukivichanganya katika ubeti mmoja, shati jeupe la sare litabadilika rangi kila sekunde tano. Ni rahisi zaidi kuvitenga, asubuhi ubeti wa kwanza na mchana kiitikio, kuliko kuhangaika na vitufe vya rangi. Ukilazimika kurekebisha, tumia lile shati kama kipimo chako: lionekane jeupe kwenye vipande vyote.

Picha mbili zikikaa jirani zinasema jambo la tatu

Hapa ndipo tunaomba msikilizaji asome kwa utulivu kuliko sehemu nyingine zote.

Miaka zaidi ya mia iliyopita, huko Urusi, mtengenezaji filamu Lev Kuleshov anasimuliwa kufanya jaribio. Alichukua picha ya uso wa mwigizaji Ivan Mozzhukhin, uso usioonyesha hisia yoyote kubwa. Akaubandika jirani na picha ya sahani ya supu, kisha jirani na mtoto ndani ya jeneza, kisha jirani na mwanamke. Inasemekana watazamaji walimsifu mwigizaji kwa kuonyesha njaa, halafu majonzi, halafu mapenzi. Uso ulikuwa ule ule mmoja. Maana waliitengeneza wao vichwani, kutokana na picha iliyokaa jirani.

Video ya wimbo ina nguvu hiyo mara mbili, kwa kuwa kila uso unakaa jirani na picha nyingine na pia jirani na maneno yanayoimbwa.

Kuna klabu ya wanafunzi mkoani kwetu iliyotuletea video ya wimbo wa kuhimiza wasichana wabaki shuleni. Wimbo mzuri, sauti safi, midomo imekaa. Kwenye ubeti wa pili, mstari unaotaja msichana aliyekatisha masomo kwa ujauzito, walikuwa wameishiwa vipande. Aliyehariri akachukua picha ya mwanafunzi wa kidato cha pili aliyekuwa ameinama kwenye bomba anaosha ndoo, akaipunguza mwendo, akaifanya nyeusi na nyeupe. Ilipendeza. Ila binti yule alikuwa anaosha ndoo tu. Kijiji chake kina watu wanaojuana kwa majina ya mababu, na video ilikuwa tayari kuingia kwenye makundi ya WhatsApp ya wazazi siku mbili zilizofuata.

Aliyeona tatizo alikuwa mwenzake binti huyo, si sisi wa redio wala mwalimu. Aliuliza swali moja: "Kwani yeye amefanya nini?" Hakuna aliyekuwa na jibu. Mkato ule ulitolewa, na mahali pake pakawekwa dawati tupu lenye daftari lililofungwa. Dawati lile lilibeba maneno vizuri kuliko uso, na halikumtaja mtoto wa mtu.

Kanuni tuliyoipata hapo tunampa kila anayeuliza: mstari wa wimbo ukitaja aibu, ugonjwa, wizi, ulevi, ujauzito au umaskini, usiweke juu yake uso wa mtu ambaye hakukubali kuigiza jambo hilo. Tumia kitu: kiatu, mlango, njia tupu, mikono. Kama kuna aliyekubali kuigiza, basi ionekane wazi kwamba ni igizo, na yeye aitazame sehemu hiyo kabla mtu mwingine yeyote hajaitazama.

Fanya ukaguzi huo kwa kutazama video nzima mara moja bila sauti, kisha mara moja ukiwa umeandika maneno ya wimbo pembeni na jina la kila anayeonekana kwenye kila mstari. Ukifika kwenye mstari mzito ukakuta jina la mtoto, simama hapo.

Ruhusa, sare na mahali

Kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, mtoto ni kila aliye chini ya miaka 18, kwa hiyo wanafunzi wengi wa sekondari bado ni watoto. Tanzania pia ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na taarifa zinazoweza kumtambulisha mtu ndizo inazozilinda. Kwa vitendo, pateni kibali cha maandishi cha mkuu wa shule na cha mzazi au mlezi wa kila mwanafunzi anayeonekana kwa karibu. Karatasi moja inatosha: wimbo unahusu nini, video itawekwa wapi, na kwamba mzazi anaweza kukataa bila mtoto kuadhibiwa.

Mzazi akikataa, mhariri ana njia. Kipande kinaweza kukuzwa ili aliye pembeni atoke nje ya picha, kinaweza kukatwa sekunde moja kabla hajageuka, au uso unaweza kufunikwa ukungu. Njia ya ukungu iwe ya mwisho, kwa sababu uso uliofichwa katikati ya wenzake humfanya mtazamaji ajiulize anafichwa kwa nini.

Tazama pia yaliyo nyuma ya waimbaji: majina kwenye madaftari, ratiba ukutani, namba ya simu kwenye bango. Na kama video itawekwa YouTube, zimeni sehemu ya maoni. Wanafunzi hawahitaji kusoma matusi ya watu wasiowajua.

Biti ni ya nani?

Vijana wengi huchukua biti mtandaoni na kuimba juu yake. Biti iliyoandikwa kuwa ni ya bure mara nyingi ni ya bure kwa mazoezi au kwa kazi isiyoingiza fedha, tena kwa sharti la kumtaja aliyeitengeneza. Soma maelezo yake kabla ya kurekodi. YouTube ina mfumo uitwao Content ID unaolinganisha sauti ya video mpya na rekodi zilizosajiliwa na wenye haki. Ukilingana, video inaweza kuzuiwa, au fedha za matangazo zikaenda kwa mwenye rekodi. Kubadilisha picha hakusaidii, maana kinachosomwa ni sauti.

Kwa Tanzania, masuala ya hakimiliki yanasimamiwa na Ofisi ya Hakimiliki, COSOTA. Ila njia rahisi na tamu zaidi kwa shule ni kupiga wenyewe: ngoma, kayamba, makofi, ndoo iliyogeuzwa. Hakuna mfumo utakaodai makofi yenu.

Kuitoa bila kumaliza bando

Ukimaliza kuhariri, programu inaiunganisha video kuwa faili moja. Ukubwa wa faili unategemea zaidi kiasi cha data kwa kila sekunde. YouTube inapendekeza takriban megabiti 8 kwa sekunde kwa ubora wa 1080, na 5 kwa ubora wa 720, kwa video ya picha 24 hadi 30 kwa sekunde. Megabiti 8 ni megabaiti 1. Wimbo wetu wa sekunde 204 utakuwa karibu megabaiti 204 kwa 1080, na karibu 128 kwa 720. Kwa video iliyopigwa kwa simu na itakayotazamwa kwa simu, 720 inatosha kabisa.

Sasa fikiria kundi la wazazi 200. Kila mmoja akipakua megabaiti 128, kundi zima limetumia zaidi ya gigabaiti 25, na fedha hizo zinatoka mifukoni mwao. Tengeneza nakala mbili. Moja kubwa ya kutunza shuleni na kuonyesha siku ya mahafali. Nyingine ndogo ya kusambaza: kwa megabiti 1.5 kwa sekunde, wimbo ule ule utakuwa karibu megabaiti 38. Mkiwa mahali pamoja, hamishaneni kwa memori kadi au kutoka simu hadi simu bila bando.

WhatsApp hubana video inayotumwa kama video ya kawaida. Ukitaka kumpelekea mtu nakala safi, mfano sisi wa redio au fundi wa projekta, itume kama faili la waraka. Kwa njia hiyo inapokea hadi gigabaiti 2 na haiguswi ubora.

Kabla ya kuisambaza, itazame kwenye simu ndogo kuliko uliyohariria, ukiwa nje juani, sauti ikitoka kwenye spika ya simu yenyewe. Ndivyo watu wengi watakavyoitazama. Maandishi yasiyosomeka hapo hayasomeki popote, na maneno ya wimbo yasiyosikika hapo yanahitaji biti ipunguzwe.

Halafu waite wanafunzi wote wanaoonekana, waitazame kwa pamoja kabla haijatoka nje ya chumba. Akinyamaza mmoja wakati wenzake wanacheka, rudisheni nyuma mpaka kwenye sehemu ile na mumuulize. Kukata tena sekunde tatu ni kazi ya dakika kumi. Video ikishaingia kwenye simu za watu, hakuna programu ya kuikata.